Filamu za Kutisha Zinavyowahi Kufika Sebuleni

Ijumaa ya tarehe 20 Machi 2020, kampuni ya Universal ya Marekani iliweka mtandaoni filamu tatu ambazo, kwa desturi ya biashara hiyo, zilipaswa kubaki kwenye majumba ya sinema kwa wiki nyingi zaidi. Moja, Emma, ilitokana na riwaya ya mapenzi ya Jane Austen. Mbili zilizobaki, The Invisible Man na The Hunt, zilikuwa za kutisha na kumwaga damu. The Invisible Man ilikuwa na siku 21 tu tangu ianze kuonyeshwa Marekani. The Hunt ilikuwa na siku saba. Aliyetaka kuitazama mojawapo nyumbani alilipa dola 19.99 na kupewa saa 48 za kuimaliza.

Sababu ya karibu ilikuwa janga la UVIKO-19, kwani wiki hiyo hiyo kampuni kubwa za majumba ya sinema Marekani zilifunga milango. Lakini wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko janga. Studio za filamu zilikuwa zimelijaribu zaidi ya mara moja na kushindwa, na filamu za kutisha hazikuwa mbali na majaribio hayo. Historia ya jinsi filamu mpya zilivyoanza kufika nyumbani mapema ni, kwa sehemu kubwa, historia ya filamu za aina hiyo.

Siku 90 za kusubiri

Kwa miongo mingi biashara ya filamu Marekani ilikwenda kwa zamu. Filamu mpya ilianza kwa kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema peke yake. Kipindi hicho kikiisha ndipo ilipouzwa au kukodishwa kwa kanda za video, baadaye kwa DVD, kisha mtandaoni, na mwisho ikafika kwenye vituo vya televisheni. Katika miaka ya 1980 mtazamaji wa nyumbani alisubiri takriban miezi sita. Kufikia miaka ya 2010 muda huo ulikuwa umepungua hadi kati ya siku 75 na 90, na hapo wenye majumba ya sinema wakakataa katakata upunguzwe zaidi.

Hofu yao ilikuwa na mantiki. Mtu akijua kwamba filamu itafika sebuleni kwake baada ya wiki tatu, hana haraka ya kununua tiketi. Tena mwenye jumba la sinema haishi kwa tiketi peke yake. Karibu nusu ya mapato ya tiketi huenda kwa studio, na faida kubwa ya mwenye jumba hutokana na bisi na soda zinazouzwa mlangoni. Mteja akibaki nyumbani, vyote viwili vinapotea.

Marekani hakuna sheria inayolazimisha muda huo. Ni mapatano ya kibiashara, na silaha ya wenye majumba ni kugoma kuionyesha filamu. Ufaransa ni tofauti: huko zamu ya kila njia ya kuonyesha filamu imewekwa kwa kanuni zinazosimamiwa na serikali, na kwa kawaida filamu haikodishwi nyumbani kabla ya miezi minne kupita.

Universal yenyewe iliwahi kuwa upande wa wanaoogopa televisheni ya nyumbani. Mwaka 1976, pamoja na Disney, iliishtaki Sony kwa sababu mashine yake ya Betamax iliwawezesha watu kurekodi vipindi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Januari 1984 iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Haikuchukua muda mrefu kanda za video zikawa chanzo kikubwa cha fedha kwa studio zile zile zilizozipinga.

Majaribio yaliyokwama

Mwaka 2011 Universal ilitangaza kwamba filamu yake ya vichekesho, Tower Heist, ingekodishwa nyumbani wiki tatu baada ya kutoka, kwa dola 59.99, katika miji miwili tu ya Marekani: Atlanta na Portland. Kampuni za majumba ya sinema zikatishia kutoionyesha kabisa. Universal ikaufuta mpango kabla haujaanza.

Miaka minne baadaye Paramount ilijaribu njia ya pande zote kunufaika, na safari hii ikachagua filamu mbili za kutisha. Paranormal Activity: The Ghost Dimension na Scouts Guide to the Zombie Apocalypse zilitoka Oktoba 2015. Mapatano yalikuwa kwamba filamu ingeweza kwenda mtandaoni siku 17 baada ya idadi ya majumba yanayoionyesha kushuka chini ya 300, na majumba yaliyokubali yangepewa sehemu ya mapato ya mtandaoni. AMC ya Marekani na Cineplex ya Kanada zilikubali. Kampuni nyingine kubwa zilikataa kuzionyesha, hivyo filamu zote mbili zikafunguliwa kwenye skrini chache kuliko kawaida. The Ghost Dimension ilipata takriban dola milioni 8 katika siku zake tatu za mwanzo, kiasi kidogo kwa mfululizo uliokuwa na jina. Jaribio halikurudiwa, lakini ile namba 17 ingerudi baadaye.

Kwa nini za kutisha

Sababu ya kwanza ni gharama. Filamu ya kutisha haihitaji nyota wa kulipwa mamilioni wala vita vya angani. Inahitaji nyumba, giza na mwongozaji anayejua kucheza na subira ya mtazamaji. Filamu ya kwanza ya Paranormal Activity ilitengenezwa kwa takriban dola 15,000 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Kampuni ya Blumhouse ya mtayarishaji Jason Blum iliufanya mtindo huo kuwa kanuni ya biashara: bajeti ndogo, mwongozaji huru, na hasara inayovumilika iwapo filamu itaanguka. The Invisible Man, ambayo pia ni ya Blumhouse, iligharimu takriban dola milioni 7. Studio inayotaka kujaribu njia mpya ya kuuza hujaribu kwa bidhaa ambayo ikiharibika haitaiua.

Sababu ya pili ni jinsi mapato yake yanavyokuja. Wapenzi wa filamu hizi, wengi wao vijana, hukimbilia siku za mwanzo ili wasije wakasimuliwa mwisho. Baada ya hapo mapato huporomoka. Friday the 13th ya mwaka 2009 ilipata zaidi ya dola milioni 40 mwisho wa wiki wa kwanza, na takriban milioni 8 wa pili. Kwa filamu kama hiyo, siku 60 za mwisho kati ya zile 90 huwa hazina maana kubwa: majumba yameshaiondoa, nyumbani haijafika, na fedha za matangazo zilizotumika zinasahaulika pamoja nayo. Filamu ya katuni inayopendwa na familia inaweza kujaza viti kwa miezi miwili. Ya kutisha mara nyingi huwa imeshachuma ilichoweza kuchuma kabla ya wiki ya nne.

Sababu ya tatu ni kwamba hofu haipungui nguvu nyumbani kama inavyopungua fahari ya filamu ya vita au ya anga. Skrini ndogo hupunguza ukubwa wa milima na majeshi, lakini mlango unaolia peke yake usiku hauhitaji skrini kubwa. Filamu nyingi za aina hii hutokea ndani ya nyumba, na mtazamaji aliyekaa ndani ya nyumba yake yuko karibu na tukio kuliko angependa kuwa.

The Invisible Man ni mfano mzuri. Mwongozaji Leigh Whannell alichukua jina na wazo kutoka riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1897, akaligeuza kuwa kisa cha mwanamke, Cecilia, anayemtoroka mpenzi katili ambaye ni mbunifu wa teknolojia. Anaambiwa mwanamume huyo amejiua, lakini anaanza kuhisi kwamba yumo chumbani na haonekani. Whannell anatisha kwa kuonyesha mahali pasipo na mtu. Cecilia, anayeigizwa na Elisabeth Moss, anapika kifungua kinywa, kisha anatoka jikoni. Kamera haimfuati, inabaki imetulia ikitazama jiko na meza. Kisu kinaondoka mahali pake. Moto wa jiko unapanda wenyewe. Usiku mwingine anasimama nje kwenye baridi, pumzi yake inatoa mvuke, na nyuma ya kichwa chake mvuke wa pili unatokea. Filamu inamfundisha mtazamaji kukagua kila kona tupu ya picha, na akiitazama nyumbani, somo hilo huhamia kwenye kona za chumba alichokaa.

Hesabu ya dola 20

The Hunt, filamu ya Craig Zobel kuhusu matajiri wanaowinda binadamu, ilikuwa na bahati mbaya mara mbili. Ilipangwa kutoka Septemba 2019, ikaahirishwa baada ya mauaji ya halaiki ya risasi katika miji ya El Paso na Dayton mwezi Agosti. Ilipotoka hatimaye tarehe 13 Machi 2020, majumba yalikuwa yanaanza kufungwa, na ikapata takriban dola milioni 5 tu katika siku tatu. Kwake, kwenda mtandaoni baada ya wiki moja kulikuwa kuokoa kinachookoleka. The Invisible Man ilikuwa imesharudisha gharama zake mara nyingi. Mapato yake ya majumba ya sinema duniani yalipita dola milioni 140.

Hesabu ya studio ilikuwa rahisi. Tiketi ya sinema Marekani mwaka 2019 ilikuwa wastani wa dola 9 na senti kadhaa, na studio ilibaki na karibu nusu. Katika kukodisha mtandaoni, studio hubaki na takriban asilimia 80. Kwa hiyo kila nyumba iliyolipa dola 19.99 iliipa Universal takriban dola 16, sawa na tiketi tatu au zaidi. Mtu aliyetazama peke yake alionekana ameuziwa ghali. Marafiki wanne waliokaa kwenye kochi moja walilipa dola 5 kila mmoja.

Ukubwa wa soko hilo ulionekana kwa filamu ya watoto, Trolls World Tour, ambayo Universal iliitoa tarehe 10 Aprili 2020 nyumbani na katika majumba machache yaliyokuwa wazi. Katika wiki tatu iliripotiwa kuingiza karibu dola milioni 100 kwa kukodishwa Marekani. Mkuu wa NBCUniversal, kampuni mama ya Universal, Jeff Shell, aliposema kwamba kampuni ingeendelea kutoa filamu kwa njia zote mbili hata baada ya majumba kufunguliwa, mkuu wa AMC, Adam Aron, alijibu kwamba majumba yake hayataonyesha tena filamu yoyote ya Universal.

Ugomvi haukufika mbali. Tarehe 28 Julai 2020 pande hizo mbili zilitangaza mapatano: filamu ya Universal ingebaki kwenye majumba kwa siku zisizopungua 17, yaani miisho mitatu ya wiki, kisha studio ingeweza kuikodisha nyumbani kwa bei ya juu na AMC ingepewa sehemu ya mapato. Novemba mwaka huo Cinemark, kampuni nyingine ya majumba ya sinema, nayo ilikubali mpango unaofanana, kwa sharti kwamba filamu inayoanza kwa dola milioni 50 au zaidi ipewe siku 31. Ukuta wa siku 90 ukawa umebomolewa.

Msimu wa majumba yaliyofungwa

Wakati mikataba ikijadiliwa, filamu ndogo za kutisha zilipata nafasi ambayo hazikuwahi kuiota. The Wretched, iliyoongozwa na ndugu wawili, Brett na Drew Pierce, ilitoka Mei 2020 mtandaoni na katika viwanja vya sinema ambamo watazamaji hubaki ndani ya magari yao. Kwa kuwa karibu kila kitu kingine kilikuwa kimefungwa na hakukuwa na filamu kubwa ya kushindana nayo, hadithi hiyo ya mchawi anayekula watoto iliongoza orodha ya mapato ya Marekani kwa wiki kadhaa mfululizo.

Uingereza, mwongozaji Rob Savage alitengeneza filamu ambayo isingewezekana bila karantini. Host ni kisa cha marafiki wanaokutana kwa simu ya video ya Zoom na kuita mizimu. Waigizaji walikuwa kila mmoja nyumbani kwake, wakishika kamera na kupanga taa wenyewe, huku mwongozaji akiwaelekeza kwa mbali. Kazi ilichukua takriban wiki 12 tangu wazo hadi filamu, haikufika saa moja, na ilitolewa Julai 2020 kwenye Shudder, huduma ya kulipia mtandaoni inayohusika na filamu za kutisha. Hii haikuhitaji kuwahishwa nyumbani. Ilizaliwa huko, na skrini ya kompyuta ndiyo mahali pake sahihi pa kutazamwa.

Siku moja, milango miwili

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa kusubiri kabisa. Desemba 2020 Warner Bros. ilitangaza kwamba filamu zake zote za mwaka 2021 zingetoka Marekani siku moja kwenye majumba na kwenye huduma yake ya HBO Max, ambako zingekaa siku 31 bila malipo ya ziada kwa waliojiandikisha. Miongoni mwake zilikuwemo The Conjuring: The Devil Made Me Do It na Malignant ya James Wan. Filamu hiyo ya tatu ya The Conjuring ilipata zaidi ya dola milioni 200 duniani, ilhali mbili zilizoitangulia zilipita milioni 300 kila moja. Sehemu ya upungufu huo ni ya janga lenyewe, lakini studio haikuendelea na mpango huo mwaka uliofuata.

Universal ilifanya hivyo hivyo kwa Halloween Kills, iliyotoka tarehe 15 Oktoba 2021 kwenye majumba na kwenye huduma yake ya Peacock. Ilianza kwa zaidi ya dola milioni 49, matokeo yaliyowashangaza waliodhani kwamba nyumbani kungemeza watazamaji wote. Wiki iliyofuata ilishuka hadi takriban milioni 14. Oktoba 2023 njia hiyo ilitumika kwa Five Nights at Freddy's, iliyotokana na mchezo wa kompyuta wa mwaka 2014. Vijana walioukulia mchezo huo walijaza majumba ingawa filamu ilikuwemo Peacock: dola milioni 80 katika siku tatu Marekani na Kanada, kwa bajeti ya takriban milioni 20.

Zilizorudishwa kwenye giza la sinema

Wakati huo huo, filamu nyingine zilikwenda upande wa pili. A Quiet Place Part II ya John Krasinski ilipangwa kutoka tarehe 20 Machi 2020, siku ile ile Universal ilipozipeleka zake mtandaoni. Paramount iliamua kusubiri. Filamu hiyo, ambamo kelele yoyote huita kifo, iligharimu zaidi ya dola milioni 60, na nguvu yake ni ukimya wa ukumbi mzima ulioshika pumzi. Ilitoka Mei 2021, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, ikapata karibu dola milioni 300 duniani, kisha ikaingia kwenye huduma ya mtandaoni ya studio hiyo, Paramount+, baada ya siku 45.

Smile ya Parker Finn ilitengenezwa kwa ajili ya Paramount+ pekee. Watazamaji wa majaribio walipoipokea vizuri, studio ikabadili mawazo na kuipeleka kwenye majumba Septemba 2022. Kwa gharama ya takriban dola milioni 17, iliingiza zaidi ya milioni 210. Evil Dead Rise, iliyokusudiwa HBO Max, nayo ilihamishiwa kwenye majumba Aprili 2023 na kupata zaidi ya dola milioni 140. Fedha hizo zingepotea kama filamu hizo zingeanzia nyumbani, na mafanikio ya ukumbini yaliwavuta watu wengi zaidi kuzitafuta zilipofika mtandaoni.

Utaratibu wa sasa

Kutokana na majaribio hayo umezuka utaratibu wa ngazi tatu. Filamu huanza na majumba peke yake kwa wiki chache, kisha hukodishwa nyumbani kwa bei ya juu, takriban dola 20, na mwisho huingia kwenye huduma za malipo ya mwezi. Urefu wa ngazi ya kwanza hutegemea studio na jinsi filamu inavyokwenda. M3GAN ilitoka tarehe 6 Januari 2023, ikakodishwa nyumbani tarehe 24, siku 18 baadaye, ingawa ilikuwa bado inavuta watu. Mwezi uliofuata Peacock ikaweka toleo lenye damu zaidi kuliko lile la majumbani mwa sinema. Wolf Man ya Whannell ilianza vibaya Januari 2025 na kupelekwa mtandaoni baada ya siku 18 pia. Nosferatu ya Robert Eggers, iliyotoka siku ya Krismasi 2024 na kupokewa vyema, iliachwa siku 27. Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka Aprili 2025 na kupita dola milioni 360 duniani, ilisubiri zaidi ya siku 45.

Kuwahi huko kuna upande wa hasara, nao ni wizi. Zamani nakala ya wizi ya filamu mpya ilirekodiwa ukumbini kwa kamera, ikiwa na vichwa vya watu na sauti ya kukohoa. Filamu ikishaingia mtandaoni kihalali, nakala safi huvuja ndani ya saa chache. Hapo ndipo mabadiliko ya Marekani yanapogusa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala. Dola 19.99 ni bei ya soko la Marekani, na Peacock ni huduma ya Marekani. Wengi katika Afrika Mashariki huzipata filamu hizo kwa muuzaji anayejaza muvi kwenye flashi, au zikiwa zimetafsiriwa na DJ kwa Kiswahili au Kiganda. Kwa wateja hao, muda kati ya filamu kutoka na nakala nzuri kufika umepungua kutoka miezi hadi wiki, bila senti moja kwenda kwa walioitengeneza.

Kwa filamu za kutisha za Tanzania zenyewe, hakujawahi kuwa na muda wa kupunguza. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotoka miaka ya mwanzo ya 2000, zilikwenda moja kwa moja kwenye kanda na diski za kutazamwa nyumbani na kwenye vibanda vya video, kwa kuwa majumba ya sinema yalikuwa yamebaki machache na mtayarishaji alitegemea mauzo ya nakala. Hollywood ilikuwa na ukumbi wa kuulinda, ndiyo maana ilichukua miaka mingi, ugomvi na janga moja kufika pale ambapo soko la Tanzania lilianzia.